Mjadala: Shirika lisilopitia kituo cha uratibu lizuiwe kuingia eneo la maafa?

Zamu ya Usiku: Wakuu, hoja iko mezani. Maafa yakitokea, kila shirika lipite kwanza kituo cha uratibu na kujaza fomu: ni nani, yuko wapi, anafanya nini. Asiyejaza, gari lake lisivuke kizuizi. Mnasemaje?

Sina Upande: Napinga. Aliyenaswa chini ya kifusi hasubiri fomu. Saa za kwanza wanaookoa wengi ni majirani kwa mikono na sururu, na hao hawana nembo. Vikao vyenyewe vya uratibu tunavijua: nusu saa ya kujitambulisha, kisha watu wa maji wanasoma idadi ya matangi kana kwamba mtu anakunywa tangi.

Fundi Koki: Hapo kwa watu wa maji umepotoka. Tangi la lita 10,000, kwa lita 15 kwa mtu kwa siku, linatosha watu 666 likijazwa mara moja. Likijazwa mara tatu ni 2,000. Ndiyo maana tunasoma matangi pamoja na safari za boza. Kama ulisinzia nusu ya pili, lawama si zetu.

Sina Upande: Na foleni je? Maji yamo tangini, mama kasimama na ndoo tangu alfajiri. Koki mlizihesabu?

Fundi Koki: Koki moja watu 250. Kiwango cha Sphere hicho, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya maafa, sikukitunga mimi.

Mpanga Foleni: Umekariri kiwango ukaacha sharti lake. Hao 250 ni kwa koki inayotoa lita 7.5 kwa dakika. Piga hesabu: 250 mara 15 ni lita 3,750, gawa kwa 7.5, unapata dakika 500. Yaani masaa 8 na dakika 20 koki haifungwi, na hakuna hata sekunde ya kupisha ndoo. Tangi likikaa chini badala ya juu ya jukwaa, presha inashuka, koki inatoa nusu ya hapo, na siku haitoshi.

Kizibo: Mtu kauliza fomu, nyie mnagombania koki 😂 Ila kwa kuwa mmefika kwenye maji, kimya kikubwa kiko kwenye klorini. Shirika la kwanza limeshatia dawa kwenye chanzo. Boza linafika kambini, fundi wa shirika la pili haoni alama yoyote, anatia tena. Kuongeza miligramu 2 kwa lita kwenye lita 10,000 ni gramu 20 za klorini, kama gramu 29 za unga wenye klorini asilimia 70. Rudia hizo, maji yananuka, watoto wanayatema, familia zinarudi mtoni. Kuhara kukianza, vyoo ndivyo vinavyosingiziwa.

Fundi Koki: Si apime kwanza! Kidonge cha DPD, cha kupima klorini majini, ni dakika chache tu. Masalia, yaani klorini iliyobaki majini, yakishafika miligramu 0.5 kwa lita hagusi ndoo ya dawa.

Kizibo: Kipimo kapewa na nani? Suluhisho ni kadi inayofungwa kwenye valvu ya boza: saa ya kutia, gramu ngapi, masalia, sahihi. Ila iwe kadi moja kwa mashirika yote, kwa lugha anayoisoma dereva.

Zamu ya Usiku: Ndiyo uratibu wenyewe huo! Lugha ndiyo iliyoharibu vikao vya Haiti 2008.

Sina Upande: Tetemeko la Haiti ni Januari 2010, mkuu. Na vikao vingi vya klasta, yaani makundi ya mashirika kwa kila sekta, viliendeshwa kwa Kiingereza ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa karibu na uwanja wa ndege, vikundi vya wenyeji vikihangaika hata kupita getini. Kizuizi chako kingewafungia walewale.

Zamu ya Usiku: Usinigeuzie. Fomu yangu ni mistari mitatu tu. Asiyejua kuandika ataje redioni, karani aandike.

Sina Upande: Redio ya masafa yapi, wakati kila shirika lina yake?

Mpanga Foleni: Fundi Koki bado hajajibu dakika 500.

Fundi Koki: Nimejibu vitendo: watu 2,000 weka koki 12 badala ya 8. Dakika 333, jioni watu wako majumbani.

Mpanga Foleni: Koki 12 kwenye bomba moja, zikifunguliwa zote kwa pamoja? Ya mwisho kule itatoa lita ngapi?