ACHENI KUMKATA KICHWA INSPECTOR GADGET! Uzi kwa wote mnaopandisha katuni za zamani

Wakuu, hili limezidi.

Siku hizi kila anayepandisha mtandaoni Inspector Gadget ya 1983, ile katuni ya mpelelezi mwenye vifaa mwilini, anaandika "HD" kwa herufi kubwa. Ukifungua, unakuta picha imekuzwa ili ijae skrini ya TV ya leo, juu pamekatwa na chini pamekatwa. Huo ni uharibifu, na wanaopunjwa ni watoto wanaoiona kwa mara ya kwanza.

Katuni hii ilitengenezwa kwa picha ya 4:3 (upana 4 kwa kimo 3). Faili likiwa 640 kwa 480, ukilikata liwe 16:9 (umbo la TV za leo), ile mistari 480 ya kimo inabaki 360. Mistari 120 imetupwa, robo nzima ya picha, kwa kawaida 60 juu na 60 chini. Katuni nyingine ungeweza kuvumilia. Kwa Gadget haivumiliki, kwa sababu vituko vyake vinakwenda wima: kofia inafunguka, pangaboi la helikopta linachomoza, mkono wa chuma unatokea utosini, miguu inarefuka. Kofia ndiyo ghala la vifaa vyake, na hapo hapo ndipo mnapoanzia kukata! Mtoto anasikia "Go Go Gadget", anamwona mtu anapaa, kilichompaisha hakioni.

Na chini je? Dr. Claw, adui mkuu wa Gadget, haonyeshwi uso. Tunachopewa ni mikono yenye glavu za chuma, kiti, meza na paka anayepapaswa. Tisho lote limo humo. Mkimkata paka na nusu ya meza, mnabaki na nini?

Wengine hawakati, wanaivuta picha kwa upana mpaka Penny, mpwa wa Gadget, anakuwa na mashavu ya puto. Hilo angalau linatibika. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza herufi A mpaka isome 4:3; kwenye TV ingia mpangilio wa ukubwa wa picha uchague 4:3. Nyuso zikirudi sawa, faili lilivutwa tu. Zikiwa nyembamba kama zimebanwa mlangoni, faili lilikatwa, na hakuna kitufe cha kurudisha kilichotupwa. Lifute.

Sauti nayo. Filamu ya fremu 24 ikichezwa kwa fremu 25 kwa sekunde, kama zilivyo nakala nyingi za Ulaya, kipindi cha dakika 22 kinaisha kwa dakika 21 na sekunde 7, na sauti inapanda kwa takriban asilimia 4. Mwigizaji wa sauti Frank Welker alimpa Claw sauti nzito ya kukwaruza. Ikipandishwa hivyo inapungua uzito. Ukitaka kusahihisha, punguza kasi ya picha na sauti kwa pamoja. Ukigusa picha peke yake, midomo na maneno vitaachana kabla hujafika katikati.

Wapo pia wanaogeuza kushoto kuwa kulia ili kukwepa mitambo ya hakimiliki. Angalia maandishi ya MAD, jina la genge la Claw: D ikitazama nyuma, ujue.

Halafu mnakata mwisho. Kwenye majina ya mwisho ndipo Claw anapotoa kitisho chake kwamba safari ijayo atampata Gadget, na paka analia. Kabla ya hapo kuna somo fupi la usalama kwa watoto. Mnavitupa vyote kuokoa dakika moja!

Kuhusu idadi: msimu wa kwanza una vipande 65, wa pili 21, jumla 86. Ukimwona Corporal Capeman, msaidizi wa Gadget, huo ni msimu wa pili, basi usiuchanganye na wa kwanza. Kile kipande cha majaribio ambacho Gadget ana masharubu ni halali kabisa. Msikitupe mkidhani ni feki. Na ile ya kompyuta ya 2015 ni katuni nyingine, ipewe folda yake.

Mwenye DVD halisi ya Marekani anayetaka kujihifadhia nakala, kazi si ngumu. Kwenye HandBrake, programu ya kubadili video, zima ukataji wa picha, acha uwiano wa 4:3, kisha washa Detelecine badala ya Deinterlace. Filamu ya fremu 24 imenyooshwa kufikia 29.97 kwa kurudiarudia nusu-fremu. Detelecine inaziondoa na kukurudisha 23.976. Deinterlace inazichanganya, ndiyo maana mistari ya wino inakuwa na ukungu kila Gadget akikimbia. Mistari myeusi kushoto na kulia iacheni ilivyo. Haimuumizi mtu.

Mliopandisha zilizokatwa, ziondoeni. Na mwenye nakala ya msimu wa kwanza iliyo 4:3 kamili, yenye somo la usalama na majina ya mwisho, aweke hapa chini muda wa kila kipande, dakika na sekunde, ili wengine walinganishe na walizonazo.