Mrejesho: kiolesura cha sauti hakikatakati sauti tena

Nawashukuru sana mlionijibu nilipouliza kwa nini kiolesura changu kidogo cha sauti (kifaa kinachoingiza sauti ya maikrofoni kwenye kompyuta), kilichounganishwa na kompyuta mpakato kwa USB, kilikuwa kinakatakata sauti na kunirudishia sauti yangu kwa kuchelewa. Kukatakata kulikwisha nilipokitoa kwenye kigawanyaji cha USB na kukichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, ili kisigawane umeme na vifaa vingine, kwa kuwa maikrofoni yangu ya kondensa huhitaji volti 48, ambazo kiolesura huzizalisha kutokana na umeme uleule mdogo wa USB. Kuhusu kuchelewa, ushauri wa kupunguza bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huijaza kwanza kabla ya kuishughulikia) ulisaidia: kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 huongeza takriban milisekunde 2.7 tu kila upande, wa kuingia na wa kutoka, ilhali ile ya 1,024 hufikia milisekunde 21, na mwimbaji huzihisi mara moja. Kilichonifurahisha zaidi, hata hivyo, ni kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, ambacho hupeleka sauti ya maikrofoni kwenye hedifoni bila kuipitisha kwenye kompyuta. Wakati wa kuchanganya sauti narudisha bafa kubwa, ili kompyuta isilemewe.