Aliyekata matawi ya kichaka cha bwawani ili apate picha ya kiota, ajitokeze hapa

Wakuu, sitazunguka. Kuna mtu kapogoa kichaka chenye kiota cha chiriku kando ya bwawa la bustani, na sababu naijua: alitaka picha "safi".

Kiota kile nilikuwa nakifuatilia tangu jike anaatamia. Kilikuwa ndani kabisa, majani yamekifunika, nami nakaa mbali na darubini yangu nahesabu safari za dume akileta chakula. Picha sikupata hata moja, upenyo haukuwepo. Na usiwepo! Yule ndege alikuwa anamkimbia kunguru, na kiangazi hiki anatafuta kivuli. Hakukaa pale kutukomoa sisi wenye kamera.

Jana alfajiri nafika, upande mmoja wa kichaka uko wazi. Matawi matano. Msiniambie upepo. Niliyakuta yamesukumwa chini ya benchi, yamekatwa mshazari kwa mkasi wa kupogolea, utomvu bado unanata kidoleni.

Makinda hawakuwa wameota manyoya. Kinda wa umri huo hawezi kudhibiti joto la mwili wake, na ndege hatoki jasho, anapoa hasa kwa kuhema. Kufika saa nne jua linawapiga utosini. Mama yao akasimama ukingoni, mabawa kayatandaza awakinge, naye mdomo wazi. Akikinga hawezi kulisha, akienda kutafuta chakula wanaungua. Jioni wawili hawakuinua shingo tena.

Leo naiona picha. Ni kiota kilekile, na watu wanamwaga sifa: "Ona wanavyoomba chakula!" Kinda anayeomba chakula hunyoosha shingo juu huku anatetemeka. Angalieni tena hiyo picha. Shingo zimelala ukingoni, macho yamefumba, midomo wazi. Wanahema hao. Mmewashangilia ndege wanaokufa.

Halafu kuna ninyi wa spika. Mnacheza sauti ya ndege kwenye simu mara ishirini ili dume atoke majanini. Anatoka, ndiyo, kwa kuwa anadhani kavamiwa. Anaacha kulisha, anazunguka kutafuta adui asiyekuwepo, nanyi mnabonyeza. Chama cha watazama ndege cha Marekani, American Birding Association, kimeandika wazi kwenye maadili yake kwamba sauti za kurekodi zitumike kwa kiasi, hasa mahali penye watazamaji wengi. eBird, mtandao ambako watu huandika ndege waliowaona, nao huficha mahali walipoonekana baadhi ya ndege walio hatarini. Ninyi mnabandika ramani na mshale juu yake!

Kinachonichekesha kwa uchungu, wengi wenu mnakuja saa sita mchana. Joto linapanda kutoka ardhini, hewa inacheza mbele ya lenzi, picha inatoka kama imepigwa ndani ya maji, kisha mnalaumu lenzi. Njooni kunapopambazuka. Kaeni chini, nyamazeni. Ndege akishazoea kuwa hamsogei atakuja mwenyewe karibu kuliko mlivyotegemea, na tawi la mtu halikatwi.

Sijifanyi malaika. Miaka ya nyuma nilimsogelea bundi aliyelala mchana mpaka akaruka, kunguru wakamwandama akatokomea. Picha ninayo. Sijawahi kumwonyesha mtu.

Wasimamizi wa bustani nimeshawaambia, jibu lao ni kwamba kupogoa ni kazi ya wafanyakazi wao na siku hiyo hawakupogoa chochote. Sawa, basi tumebaki sisi wenye kamera.

Mwenye ile picha, najua unasoma. Swali langu ni moja: ule mkasi uliuokota pale bwawani, au uliupakia nyumbani kwenye begi pamoja na lenzi?