Tupeane uzoefu: unapata wapi utulivu wa kuangalia filamu moja hadi mwisho?

Mkia wa Filamu
Wakuu, nimeamka shingo imekakamaa, nimelala tena kwenye kochi. Filamu ya saa mbili kasoro, leo ni usiku wa tisa nipo nayo. Ratiba ni ileile: watoto wakilala naosha vyombo, nakagua milango, nazima taa, nakaa. Dakika ya kumi na tano mdogo anaita maji. Nikirudi narudisha nyuma kidogo nikumbuke nilipoishia, usingizi unanibeba. Kila siku naishia pale mzee anapovua saa ya mkononi na kuiweka mezani. Nimeiona ikiwekwa mezani mara sita, bado sijajua ina nini.

Zamani nilikuwa naangalia mbili mfululizo, kisha natoka kutembea nikiziwaza. Siku hizi hata si filamu ninayoitamani. Natamani ule ukimya wa mwishoni, majina yanapanda kwenye skrini na hakuna anayekuuliza kitu. Wenzangu mnaupata wapi?

Kiti Moto Baridi
Hiyo saa ya mezani imeniua. Tupo wengi.

Bibi Rimoti
Kwangu ni chooni. Siongezi neno.

Fasta Fasta
Mnajitesa bure. Mimi naweka spidi ya moja na nusu, sabtaito nasoma. Filamu ya dakika 120 naimaliza kwa 80, zile 40 nalala.

Mzee wa Siti ya Nyuma
Fasta, wewe huangalii filamu, unaikagua. Picha 24 kwa sekunde zimepangwa zipite kwa mwendo wake. Mtu akinyamaza sekunde kumi mbele ya kaburi, kuna aliyekaa akazipima hizo kumi. Wewe umempa sita na ushee.

Fasta Fasta
Sawa profesa. Kwa mwaka unamaliza ngapi?

Mzee wa Siti ya Nyuma
Chache. Ila naziota.

Nusu Saa
Msigombane wazee. Mleta mada, kukata vipande si dhambi. Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya 1954, ina dakika 207 na mapumziko yamewekwa humohumo katikati. Na ndugu wawili Lumière walipowaonyesha filamu watu waliolipa kiingilio mjini Paris, Desemba 1895, zilikuwa filamu 10 na hakuna iliyofika dakika nzima. Wale ndio walituelewa sisi wenye watoto.

Mama Kona
Mmenikumbusha jambo nililoapa sitalisimulia.

Mwaka juzi mume wangu alianza kuchelewa. Si sana, saa moja, saa moja na nusu. Nikipiga simu hapokei, halafu anaingia amechangamka, anabeba mtoto, anauliza habari za siku. Huko kuchangamka ndiko kulikonitia shaka. Mtu katoka kazini, anachangamkia nini? Nikamwambia dada yangu, naye akanimaliza kabisa: "Hapo kuna mtu."

Alhamisi moja nikawaacha watoto kwa jirani, nikashuka nikamvizie njiani. Sikufika mbali. Gari letu lilikuwa nyuma ya jengo letu wenyewe, kwenye ile kona isiyo na taa. Ndani kunamulika, mara bluu, mara njano. Magoti yakaisha nguvu. Nikavua viatu nisisikike, nikanyata, nikashika kitasa cha mlango wa abiria, nikaufungua kwa nguvu zangu zote.

Kiti kitupu. Mume wangu kalaza kiti chake, yuko na soksi tu, simu kaiegemeza kwenye usukani, iafoni masikioni, na machozi yanamtiririka. Baba mzima analia kwa filamu. Aliponiona alipiga ukelele, mlinzi akaja mbio na tochi. Na mimi nimesimama pale na viatu mkononi.

Mlinzi alipoondoka tukabaki kimya. Kisha akasema, "Nilikuwa nimebakiza dakika kumi na mbili." Nikashindwa nicheke au nimzabe kibao. Nikaingia, nikafunga mlango. Na niwaambie kweli, nilikuwa bado na wivu. Mwanamke hakuwepo, lakini niliuonea wivu ule mlango wa gari, maana wangu wa chumbani mtoto yeyote anaufungua.

Kiti Moto Baridi
"Nimebakiza dakika kumi na mbili." Shemeji apewe tuzo.

Bibi Rimoti
Dada, filamu yenyewe ilikuwa gani? Usituache hewani.

Mama Kona
Sijui. Kulikuwa na mzee na mbwa.

Fasta Fasta
Basi mbwa anakufa.

Mzee wa Siti ya Nyuma
Unaona sasa? Na hapo umeisikia kwa spidi ya kawaida.

Dereva wa Kochi
Jamani, mimi ni huyo shemeji, wa nyumba nyingine tu. Mke wangu hajui, na jina hili halijui pia. Nikitoka kazini nikiingia moja kwa moja naingia na kelele zote kichwani. Nikikaa nusu saa garini naingia nikiwa baba.

Sina Gari
Hongera kaka. Na mkeo anaingia akiwa mama saa ngapi? Maana yeye hajatoka.

Dereva wa Kochi
Ni nusu saa tu dada.

Sina Gari
Mara siku tano. Piga hesabu mwenyewe, usinifanye nikuandikie jumla.

Kimya Kingi
Msome na upande huu kabla hamjaanza kununua iafoni. Nilikuwa namuuguza mama nyumbani. Usiku alipolala nilivaa zile hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote, nikazama. Filamu nzuri, sikuchezea simu hata mara moja, kitu ambacho kwangu ni muujiza. Ilipoisha nikazivua, nikasikia kama mtu anagonga. Mama alikuwa ameanguka bafuni na alikuwa akigonga ndoo kwa kikombe. Aliniambia hakukaa sana. Sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Hakuvunjika, aliishi miaka mingine miwili. Lakini hadi leo sikio langu la kushoto huwa wazi, hata nikiwa peke yangu nyumbani.

Nusu Saa
Pole sana mkuu. Usijihukumu kwa hilo.

Bibi Rimoti
Pole mpenzi. Mimi naenda kumpigia mama.

Fundi Spika
Pole, Kimya Kingi. Kwa wanaokwepa hedifoni: ingieni kwenye mipangilio ya sauti ya TV, nyingi zina hali ya usiku. Inapunguza pengo kati ya mnong'ono na mlipuko, usiwe mtu wa kupandisha na kushusha usiku kucha. Na kama mna spika nyingi, maongezi mengi hupita kwenye ile ya katikati, ipandisheni hiyo peke yake, nyingine ziacheni.

Alfajiri
Mbinu ni moja, amka saa kumi. Nyumba nzima imelala, kichwa kipya.

Kiti Moto Baridi
Saa kumi nikiamka mtoto naye anaamka, kana kwamba tumefungwa kamba. Usingizi usiuguse. Bora kuacha filamu.

Sina Gari
Sisi nyumbani tumegawana. Jumamosi yangu, Jumapili yake. Mwenye zamu anafunga mlango, hata nyumba ikiungua anaitwa mwisho. Jumamosi iliyopita nilifunga, nikawasha, nikakaa naangalia ukuta saa nzima. Filamu sikuianza. Sijuti.

Mama Kona
Hiyo ya ukuta nimeielewa kuliko zote.

Mkia wa Filamu
Asanteni wakuu. Nimewasoma nyote huku nimewasha ile filamu pembeni, na sasa majina ndiyo yanapanda. Mzee kavaa saa yake tena, sikuona aliichukua lini. Narudisha nyuma.