Kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani ukianza sheria na miaka 36, inawezekana?

Ticha wa Kasulu: Wakuu habari zenu. Nilishuka Kigoma mjini nikaingia kwenye kikao cha Mahakama ya Rufani, rufaa ya kesi ya mauaji, majaji watatu mbele, wakili anaongea weee, jaji mmoja mama akamkatisha "ukurasa wa ngapi wa kumbukumbu, wakili?" jamaa kafunua makaratasi mpaka jasho. Nikasema hii ndo kazi. Naanza LLB (digrii ya sheria) Chuo Kikuu Huria, nina 36. Hivi wanapandishwa kutoka uhakimu au inakuwaje?

Mnyamwezi wa Isevya: Mwalimu, sio vyeo vya polisi vile. Katiba inataka digrii ya sheria, halafu uwe umekaa miaka 10 mfululizo kama hakimu, au mtumishi wa umma mwenye sifa za uwakili, au mwenye sifa za kusajiliwa wakili. Anateua Rais, kwa Rufani anashauriana na Jaji Mkuu, na wengi wanapitia Mahakama Kuu kwanza. Sasa piga hesabu, LLB miaka minne una 40, Law School ya mafunzo ya uwakili 41, kumi mfululizo 51. Mahakama Kuu wanastaafu 60, Rufani 65. Nafasi ipo ila ya kubanana.

Bi Ujiji: Usimtishe mwalimu wa watu. Marehemu Augustino Ramadhani alikuwa mwanajeshi aliyefika ubrigedia, tena alikuwa Jaji Mkuu Zanzibar, akaja Rufani, 2007 Jaji Mkuu wa Tanzania, baadaye Rais wa Mahakama ya Afrika pale Arusha, na upadri wa Anglikana juu. Prof. Ibrahim Juma, Jaji Mkuu mstaafu, naye alikuwa anafundisha chuo kikuu, mwalimu mwenzio huyo.

Mwisho wa Reli: Hao hawakuanza sheria na 36 dada 😂. Mi nimekuwa karani kwa wakili Tabora enzi zile kesi za Mahakama Kuu za Kigoma zinakuja huku kwetu, nakwambia ulichokiona mwalimu ni nusu saa tu, Rufani hakuna cha shahidi kulia kizimbani, kazi yenyewe ni kusoma faili neno kwa neno na kuandika hukumu, na wakikuta kasoro ya kisheria ambayo hata mawakili hawajaiona wanaiibua wenyewe. Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, ni bure, soma hukumu za vikao vya Kigoma, usiposinzia njoo tuongee.

Ticha wa Kasulu: Nimefungua moja, kimombo mwanzo mwisho 😅 ila sijasinzia. Law School ada wanapokea kwa awamu?