ALP yangu imetoka 19, nifanyeje?

Mama Pendo, Donholm
Hamjambo jameni. Nimepimwa damu ya bima ya kazini. ALP, kimoja cha vipimo vya ini, ni 19, na karatasi inasema kawaida ni 40 hadi 130. Vipimo vingine vya ini, ALT na AST, viko sawa. Daktari yuko likizo hadi wiki ijayo. Kipimo cha ALP kikipanda watu huogopa ini, kikishuka je? Nina miaka 34, sinywi pombe.

Otis wa Umoja
Ini limechoka hilo, dada. Chemsha mwarobaini.

Mpima Damu
Otis, wacha mwarobaini wa watu. Mirija ya nyongo ikiziba ALP hupanda, haishuki. ALP ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za mwili; hutoka hasa kwenye ini na mifupa, na bila zinki na magnesiamu hakifanyi kazi. Kikiwa chini tunauliza lishe, tezi ya thairoidi inayofanya kazi polepole, vidonge vya kupanga uzazi, dawa za kuimarisha mifupa. Lakini kwanza, potasiamu na kalsiamu zako zinasemaje?

Mama Pendo, Donholm
Potasiamu 7.4, kalsiamu 1.1. Zote zina nyota ya kuonya, ya kwanza iko juu, ya pili iko chini.

Mpima Damu
Basi nashuku chupa ya zambarau, ile ya kuhesabu chembe za damu. Ndani ina kemikali iitwayo EDTA, yenye potasiamu, ili damu isigande, nayo hunasa kalsiamu, zinki na magnesiamu. Damu yake ikimiminwa hata kidogo kwenye chupa ya vipimo vya ini, potasiamu hupaa, kalsiamu na ALP huanguka. Mwenye kalsiamu 1.1 ya kweli kwa kawaida vidole humkakamaa.
Hata hivyo usimngoje daktari. Potasiamu 7.4 ikiwa ya kweli inaweza kusimamisha moyo. Damu itolewe upya leo leo, na ukihisi moyo unaruka au miguu inalegea, nenda hospitali moja kwa moja.

Shangazi wa Kayole
Na ikirudi chini tena? Mpwa wangu meno ya utoto yalimtoka na mizizi yake kabla hajafika miaka 5. Wakamwambia ni haipofosfatasia, ugonjwa wa ALP kuwa chini unaodhoofisha mifupa na meno, ya kurithi, adimu sana. Umewahi kuvunjika mifupa ya wayo?

Mama Pendo, Donholm
Sijawahi, shangazi. Niko kwa matatu naelekea maabara. Watanilipisha tena?

Mpima Damu
Waonyeshe hizo nyota kabla hujakunja mkono wa blauzi. Chupa ya manjano, ile ya vipimo vya ini, ijazwe kwanza, zambarau baadaye, na utazame mwenyewe. Wakitaka pesa, itisha msimamizi.