Jersey 2 kwenda 3: seva inawaka bila kosa, ila kila njia 404

mlinda_mita: Wakuu, naombeni msaada, siku ya pili hii nakesha. Kuna huduma ya bili za maji niliyoirithi kazini, Jersey 2 (maktaba ya Java ya kujenga API za wavuti) juu ya seva ya Tomcat 9. Nimeihamishia Jersey 3 na Tomcat 10. Inakompaili safi, seva inawaka, logi imetulia kabisa. Nikiita /api/mita, napata 404 (haipatikani). Anotesheni (alama za kuieleza Jersey njia) @Path na @GET zipo palepale. Na habari ya pakeji za javax kubadilishwa jina kuwa jakarta naijua, kwenye pom (faili la Maven la kutaja maktaba) nimeweka jakarta.ws.rs-api 2.1.6.

bi_maven: Hebu bandika mistari ya import ya hilo darasa.

mlinda_mita:
import javax.ws.rs.GET;
import javax.ws.rs.Path;

bi_maven: Mchawi huyo hapo. Jina la maktaba linakuzuga: 2.1.6 inaitwa jakarta lakini ndani bado ni javax.ws.rs. Pakeji zilibadilika kuanzia 3.0.0. Jersey 3 inatafuta jakarta.ws.rs.Path, hiyo yako inaipita kama haijaiona. Na kwa Java, anotesheni isiyosomwa na yeyote si kosa, ndiyo maana logi kimya. Panda 3.0.0 (au 3.1.0 kama Jersey yako ni 3.1), kompaila itakutajia kila faili lililobaki nyuma. Isipotaja, piga mvn dependency:tree uone nani bado anakuletea javax.

fundi_bomba: Ila usibadilishe kila javax kwa mkupuo! Mimi nilifanya hivyo, javax.sql na javax.crypto zikaenda na maji. Hizo ni za JDK (Java ya msingi) yenyewe, hazijahama.

mlinda_mita: 404 imekwisha, Mungu awabariki. Sasa kingine: JSON (data inayorudishwa na API) ilikuwa inatoa "namba_mita", leo inatoa "nambaMita", programu ya simu ya wasoma mita imegoma. Juu ya sehemu ile kuna @XmlElement(name = "namba_mita"), na import yake nimeshaigeuza jakarta.

bi_maven: ObjectMapper (kigeuzi cha maktaba ya Jackson, cha Java kwenda JSON) umeitengeneza mwenyewe?

mlinda_mita: Ndiyo, imesajili JaxbAnnotationModule, ile moduli ya kusoma @XmlElement.

bi_maven: Ugonjwa uleule, umegeuka upande tu. Moduli hiyo inasoma javax.xml.bind. Itoe, weka jackson-module-jakarta-xmlbind-annotations, darasa lake ni JakartaXmlBindAnnotationModule. Ningekuwa mimi ningeandika @JsonProperty nimalize, hiyo ni ya Jackson wenyewe na haikuguswa na uhamisho huu.

mlinda_mita: @JsonProperty imejibu, namba_mita imerudi. Naenda kulala.